Kilo Moja ya Nyama na Figo Mbili

Mapema mwaka 1928 wanaume wawili wenye afya njema walilazwa katika Hospitali ya Bellevue jijini New York ili wale nyama. Mmoja, Vilhjalmur Stefansson, alikuwa msafiri wa nchi za barafu aliyeishi miaka mingi na Wainuit wa kaskazini ya mbali. Mwenzake, Karsten Andersen, aliwahi kufuatana naye huko. Stefansson alikuwa akitangaza kila mahali kwamba amekaa miezi na miezi bila mboga, bila mkate, akila nyama na samaki tu, wala hakuugua. Madaktari wengi walimwona mtia chumvi. Ikaamuliwa ubishi umalizwe kwa sahani: wale nyama peke yake mwaka mzima, wiki za mwanzo wakiwa wodini, kisha wakiwa nje huku wakipimwa mara kwa mara.

Watafiti walimtaka Stefansson aanze na nyama isiyo na mafuta. Hazikupita siku tatu, kichefuchefu kikamshika, tumbo likamwendesha, mwili ukalegea. Yeye hakushangaa. Huko kaskazini hali hiyo inajulikana: mwindaji anayeambulia sungura tu msimu wa njaa, nyama kavu isiyo na shahamu, hula hadi tumbo likajaa na bado akadhoofika. Wakampa nyama ya mafuta na ubongo wa kukaanga, naye akarudi katika hali yake. Mwaka ukaisha wote wawili wakiwa wazima, na vipimo vya figo havikuonyesha dosari.

Kisa hiki hupendwa na pande zote mbili za mabishano ya protini. Anayehubiri nyama husimulia ule mwaka mzima. Anayeikataa husimulia zile siku tatu. Lakini ripoti ya watafiti ina hesabu ambayo pande zote huiruka. Katika mwaka ule wa nyama tupu, protini ilikuwa gramu 100 hadi 140 kwa siku, na mafuta gramu 200 hadi 300. Kiasi hicho cha protini si cha ajabu hata kidogo. Hupatikana kwenye zaidi kidogo ya nusu kilo ya nyama mbichi ya steki. Nguvu ya kuishi ilitoka kwenye mafuta. Kilichomwangusha Stefansson hapo mwanzo ni protini iliyoachwa peke yake ifanye kazi ya chakula kizima.

Basi swali la kama protini nyingi inadhuru halijibiki kwa gramu tu. Linataka kwanza kujua gramu hizo zinaingia katika mwili wa nani, na zimeandamana na nini.

Tuanze na mwili wenyewe. Protini hutofautiana na wanga na mafuta kwa kuwa na naitrojeni ndani yake. Mafuta yakizidi, mwili huyatunza kiunoni na tumboni. Sukari ikizidi, sehemu yake huwekwa kwenye ini na misuli. Protini haina ghala. Asidi amino ambazo hazikuhitajika kujenga kitu huvuliwa naitrojeni, na mabaki huchomwa kama kuni nyingine zozote au kugeuzwa sukari na mafuta. Naitrojeni iliyovuliwa huwa amonia, nayo amonia ni sumu kwa ubongo. Ini huiwahi na kuigeuza urea, kitu kisicho na makali. Mwaka 1932 Hans Krebs na Kurt Henseleit, wakiwa Freiburg, Ujerumani, ndio walioonyesha mzunguko wa kemikali unaofanya kazi hiyo. Urea huingia kwenye damu, figo huichuja, na maji huitoa nje.

Kwa hiyo mtu aliyekula nyama nyingi jana hukojoa urea nyingi leo na huhitaji maji zaidi. Huo si ugonjwa, ni kazi ya kawaida. Ila ini lina kikomo cha kasi yake, na ndipo Stefansson alipogonga mwamba. Wapo pia watu wachache waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimojawapo cha mzunguko huo, wengine bila kujijua hadi ukubwani. Kwao mlo mzito wa protini unaweza kupandisha amonia hadi kuwapoteza fahamu.

Mtu mzima anahitaji kiasi gani, basi? Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani, FAO na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2007 inataja gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mwenye kilo 60 anatosheka na gramu 50. Hebu zihesabiwe mezani. Ugali wa robo kilo ya unga wa mahindi una takribani gramu 20. Bakuli la maharage yaliyopikwa lina 15 hivi, mayai mawili 12, glasi ya maziwa 8. Zimeshafika 55 na bucha halijafunguliwa. Tena mahindi na maharage yanafaana: mahindi ni haba wa lisini, asidi amino ambayo maharage yanayo tele. Bibi waliopika kande na githeri hawakuwa na maabara, lakini sufuria yao ilikuwa sahihi.

Ikiwa mahitaji ni madogo hivyo, imani kwamba protini haizidi ilitoka wapi? Ina historia ndefu, na sehemu yake imepita hapa kwetu.

Katikati ya karne ya 19, mkemia Mjerumani Justus von Liebig alifundisha kwamba misuli hufanya kazi kwa kujichoma yenyewe, kwa hiyo mtu wa kazi ngumu lazima ale nyama nyingi ili kuifidia. Jina lake lilikuwa kubwa, na fundisho likakubalika. Agosti 1865 wanasayansi wawili, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, walilipima kwa miguu yao. Walipanda mlima Faulhorn huko Uswisi, karibu mita 2,000 kutoka ziwani hadi kileleni, baada ya kukaa saa nyingi wakila vitumbua vya wanga vilivyokaangwa kwa mafuta, bila protini yoyote, huku wakihifadhi mkojo wao wote. Walipopima naitrojeni ya mkojo huo, ilionekana kwamba protini iliyochomwa isingeweza kuwafikisha kileleni. Walipanda kwa nguvu ya wanga na mafuta.

Jambo hilo lingetosha kuzima fundisho la Liebig. Halikuzima. Carl Voit wa Munich aliendelea kuandika kwamba kibarua anahitaji gramu 118 kwa siku, na kipimo hicho kikasambaa duniani. Kilipata mpinzani Marekani: Russell Chittenden wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyepunguza protini yake mwenyewe hadi karibu gramu 40 na kusema maumivu ya goti yaliyokuwa yakimsumbua yamekwisha. Akawaweka maprofesa, wanariadha na kikosi kidogo cha askari katika mlo wa namna hiyo kwa miezi, na mwaka 1904 akachapisha kitabu akieleza kwamba nguvu zao hazikupungua bali ziliongezeka. Mhadhara huu unampa Chittenden heshima yake, ila goti lake lisichukuliwe kuwa ushahidi. Magoti hupona kwa sababu nyingi.

Afrika Mashariki iliingia katika habari hii mwaka 1931. John Boyd Orr na J. L. Gilks walichapisha utafiti wao wa Kenya uliolinganisha Wamaasai, wala maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, wala nafaka na mizizi. Mwanamume wa Kimaasai kwa wastani alimzidi Mkikuyu kimo kwa inchi 5 na uzito kwa ratili 23. Wasomaji wa Ulaya walishika hapo hapo: protini ndiyo siri. Hawakusita kwenye sehemu nyingine ya ripoti ile ile, kwamba kufunga choo na maumivu ya viungo vilionekana zaidi kwa Wamaasai. Tena chakula kikuu cha Mmaasai kilikuwa maziwa, na maziwa hubeba mafuta na sukari yake pamoja na protini. Mmaasai hakuwa mla steki kavu. Kama Stefansson alipoongezewa mafuta pale Bellevue, alikula protini iliyo na wenzake.

Miaka michache baadaye, daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza kwa wasomi wa tiba ugonjwa wa watoto ambao Waswahili wanauita unyafuzi au kwashakoo: miguu na uso huvimba, ngozi hubanduka, nywele hugeuka rangi, mtoto hununa na kukataa kula. Aliutaja mwaka 1933, akaupa jina lake la Kiga, lugha ya huko, mwaka 1935. Hugh Trowell na wenzake wa Hospitali ya Mulago, Kampala, wakauchunguza kwa miaka, na kitabu chao cha mwaka 1954 kilikuwa rejea kuu. Ugonjwa ulihusishwa na upungufu wa protini. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukaunda kamati ya ushauri kuhusu protini, na kwa karibu miaka 20 dunia ikaaminishwa kwamba njaa ya nchi maskini ni njaa ya protini. Unga wa samaki, unga wa soya, hata protini ya vijidudu vilivyooteshwa kwenye mafuta ya petroli, vyote vilijaribiwa. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika makala kali katika jarida la Lancet akiuita mradi mzima anguko kubwa: watoto wengi walikosa chakula cha kutosha kwa jumla, wala si protini peke yake.

Na hapa ndipo penye ushahidi mzito kuliko wote kuhusu madhara ya protini kuzidi. Haukutoka kwa wanyanyua vyuma wa California. Ulitoka kwenye vitanda vya watoto waliodhoofu.

Mtoto wa unyafuzi anapofika wodini, akili ya kawaida inasema apewe maziwa mazito, mayai, nyama ya kusaga, afidiwe upesi alichokosa. Waliofanya hivyo waliwaona watoto wakifa katika siku za mwanzo. Ini la mtoto huyo limejaa mafuta na halimudu kushughulikia naitrojeni nyingi, figo zimelegea, moyo ni dhaifu, mara nyingi ana maambukizi yaliyojificha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unaagiza aanzishiwe maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye gramu 0.9 tu za protini katika kila mililita 100, kwa vipimo vidogo usiku na mchana. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, ndipo anapohamishiwa F-100, yenye gramu 2.9. Wauguzi wa wodi za lishe wanajua kazi ya kumweleza mama kwa nini mwanawe, mifupa mitupu, anapewa maziwa mepesi. Kikombe kile chepesi ni dawa. Kile kizito, siku ya kwanza, kinaweza kumuua.

Kwa mtoto mchanga mwenye afya pia kipimo kina maana. Maziwa ya mama yana takribani gramu moja ya protini katika mililita 100. Ya ng'ombe yana zaidi ya tatu, pamoja na chumvi nyingi zaidi. Figo za mchanga hazijakomaa kutoa mzigo huo bila maji mengi. Na katika utafiti uliofanyika nchi tano za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2009, watoto waliopewa maziwa ya kopo yenye protini nyingi walikuwa wazito zaidi walipofika miaka miwili kuliko waliopewa yenye protini kidogo.

Sasa figo za watu wazima, maana hofu kubwa ya mtaani iko hapo. Msingi wa hofu hiyo ni makala ya Barry Brenner na wenzake ya mwaka 1982. Walieleza kwamba protini nyingi huongeza kasi ya figo kuchuja damu, na kwamba panya aliyeondolewa sehemu ya figo, akilishwa protini nyingi, vichujio vilivyobaki hulemewa na kuharibika kimoja baada ya kingine. Hoja ilikuwa nzuri na imethibitika sehemu yake. Mwaka 2003 zilitoka takwimu za wauguzi wanawake 1,624 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 11. Waliokuwa na figo nzima hawakuonyesha kushuka kwa sababu ya protini. Wale ambao figo zao zilikuwa zimeanza kudhoofu kidogo, walipokula protini nyingi, hasa ya nyama, walishuka haraka zaidi. Uchambuzi wa majaribio 28 uliochapishwa mwaka 2018 nao haukuona protini nyingi ikiharibu figo za watu wenye afya.

Habari njema, basi? Kwa mwenye figo nzima, ndiyo. Tatizo ni kwamba figo hazilalamiki mapema. Shinikizo la damu na kisukari huzila taratibu kwa miaka, na katika miji yetu watu wengi wana presha ambayo haijawahi kupimwa. Mwalimu wa mazoezi anayemwambia mteja wa miaka 45 ale gramu 200 za protini kwa siku hana njia ya kujua yuko mbele ya muuguzi wa kundi lipi. Kipimo cha presha, cha sukari, cha protini kwenye mkojo na cha kreatinini kwenye damu vinajua. Tahadhari moja ndogo: nyama iliyopikwa huongeza kreatinini kwa muda, kwa hiyo aliyemaliza sahani ya mbuzi choma kabla ya kwenda maabara anaweza kurudi na jibu la kutisha lisilo la kweli.

Mifupa haitatuchelewesha. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba protini hutia asidi kwenye damu na mifupa hutoa kalisi kuizimua, kwa sababu kalisi kweli huongezeka kwenye mkojo. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya kalisi hiyo ilinyonywa zaidi kutoka kwenye chakula. Wazee wanaokula protini ya kutosha hawana mifupa dhaifu kuliko wengine.

Jongo ni habari nyingine. Ugonjwa huu, ambao wengi mtaani huuita gauti, hutokana na asidi ya yuriki kuganda kama sindano kwenye viungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, usiku wa manane. Chanzo cha asidi hiyo ni purini, zilizomo kwa wingi kwenye maini, figo, dagaa na nyama nyekundu, na bia huongeza moto. Mwaka 2004 Hyon Choi na wenzake walitoa matokeo ya wanaume 47,150 waliofuatiliwa kwa miaka 12. Wala nyama na vyakula vya baharini kwa wingi walipata jongo zaidi. Wanywaji wa maziwa walipata kidogo. Mboga na mbegu jamii ya kunde zenye purini hazikuongeza hatari. Hata hivyo, wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki bado huambiwa waache maharage kwanza. Mtu anatoka zahanati amenyimwa chakula chake cha bei nafuu, na Jumamosi yuko baa, kilo ya nyama na chupa tatu mezani, kwa kuwa hizo hakuna aliyezitaja kwa mkazo ule ule.

Nyama nyekundu ina shauri jingine lisilohusu protini yenyewe. Oktoba 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, yenye makao Lyon, iliziweka soseji, bekoni na nyama nyingine za kusindikwa katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa, na kukadiria kwamba kila gramu 50 kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Nyama nyekundu isiyosindikwa iliwekwa kundi la chini yake, la vinavyoelekea kusababisha. Dengu na samaki wana protini pia, lakini hawakuhusishwa na uamuzi huo.

Kopo la unga wa protini lililopangwa juu ya kaunta za gym za Dar es Salaam na Nairobi lina nini? Mara nyingi ni protini ya maji yanayobaki maziwa yakitengenezwa jibini, ikakaushwa na kutiwa ladha. Kijiko chake kimoja kikubwa hutoa gramu 20 hadi 25, sawa na mayai manne. Si sumu, wala si miujiza. Uchambuzi wa majaribio 49 uliotoka mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwa anayenyanyua vyuma, faida ya misuli hufika kikomo karibu na gramu 1.6 kwa kilo ya mwili. Zaidi ya hapo anakojoa pesa zake. Na gazeti la watumiaji la Consumer Reports, lilipopima bidhaa 15 za aina hiyo mwaka 2010, lilikuta kila moja ina angalau sampuli moja yenye arseniki, kadmi, risasi au zebaki.

Bidhaa za protini zilizowahi kuua watu wazima waliokuwa na afya ni za miaka ya 1970. Mwaka 1976 daktari Mmarekani Robert Linn alitoa kitabu cha kupunguza mwili kwa kunywa protini ya maji iliyotengenezwa kwa kuchemsha ngozi na kano za wanyama, na karibu kitu kingine kisiliwe. Uzito ulishuka kwa kasi, wateja wakawa mamilioni. Kufikia mwaka 1978 mamlaka za Marekani zilikuwa zimepokea taarifa za vifo vipatavyo 60, wengi mapigo ya moyo yakiwa yamevurugika ghafla. Protini yao ilikosa triptofani, madini hayakutosha, na nishati ya siku nzima haikufika kalori 400. Gramu hazikuwa nyingi. Zilikuwa peke yake.

Upande wa pili wa mizani wako wazee. Misuli ya mtu wa miaka 70 huitikia protini kwa uvivu, na wataalamu wa lishe ya uzeeni wanapendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Mara nyingi ndio wanaopewa uji mtupu, kwa kuwa hawatafuni vizuri na inasemekana hawahitaji kitu kizito. Kijana wao yuko gym anachanganya kopo.

Na mgonjwa wa figo naye hubadilishiwa kanuni katikati ya safari. Figo zikiwa zimepungua nguvu lakini bado zinafanya kazi, huelekezwa abaki karibu na gramu 0.8 kwa kilo. Siku anapoanza kusafishwa damu kwa mashine, agizo hupinduka: kila kikao huondoka na gramu 6 hadi 12 za asidi amino, hivyo anatakiwa kupanda hadi 1.0 au 1.2. Nyumbani, familia iliyozoea kwa miaka kumpangulia vipande vya nyama sahanini inatakiwa kuvirudisha, na kumwongezea yai asubuhi.